Ulikuwa konda, ukawa dereva

*Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 48, mama wa watoto wanne, naishi Kitangiri hapa Mwanza, nafanya biashara ya dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba. Miaka tisa iliyopita nilikuwa na kilo 64, leo nina 83. Urefu wangu ni sentimita 160, na kiuno fundi cherehani alinipima akapata 101. Nikila sana nanenepa, nikila kidogo nanenepa. Mwaka jana niliacha ugali na wali mwezi mzima, nikapungua kilo 5. Ilipofika miezi minne zikarudi 7. Hedhi imeanza kuruka miezi na usiku napata joto kali. Zahanati wamenipima presha, 142 kwa 90, wakaniambia nipunguze mwili, basi. Shoga yangu ananishauri ninywe chai ya kukata nyama uzembe, pakiti elfu 35. Je, ni umri huu? Na hiyo chai ninywe? — Mama Neema*

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho maana ndilo la haraka: hiyo chai usiinunue. Sababu nitakupa mbele. Kuhusu umri, umri umo, lakini umechangia sehemu ndogo. Kubwa umeliandika mwenyewe katika barua yako ndefu, ambayo hapo juu imefupishwa, ukalipita kama jambo la kawaida.

Umeniambia kwamba zamani ulikuwa unashuka kwa mguu kutoka Kitangiri, boti za visiwani zikitia nanga unabeba viroba pamoja na wenzako, unapepeta, unachambua, unapakia, na jioni unapanda tena kwa mguu. Sasa una vijana watatu wa kubeba, wewe unakaa na daftari na simu, na bodaboda anakufuata mlangoni asubuhi na kukurudisha jioni. Hayo ni maendeleo, na nakupongeza kwa moyo wote, kwa sababu najua jasho lililoyaleta. Ila mwili wako haukuambiwa kwamba kazi imebadilika. Umeendelea kula chakula cha mbebaji huku ukifanya kazi ya mhasibu.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji la London. Waliwalinganisha madereva na makonda: basi ni lilelile, barabara ni ileile, maisha ya nyumbani hayapishani sana. Dereva alikaa zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima akikata tiketi. Ikaonekana kwamba makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na hata ulipowapata haukuwa mkali vile. Baadaye Morris alichunguza hata vipimo vya suruali za sare, akakuta madereva wanavaa viuno vipana kuliko makonda wa umri uleule. Mimi nikisikia neno “konda” la kwenye daladala na “konda” la kupungua mwili, naukumbuka utafiti huo kila mara. Wewe, Mama Neema, ulikuwa konda kwa miaka ishirini. Sasa umekuwa dereva.

Ndiyo maana sitaki kabisa utumie neno “nyama uzembe”. Linamtukana mtu kabla hajaeleza shida yake. Mwanamke anayeamka saa 9 usiku ili akute boti si mzembe.

Turudi kwenye umri. Watu wengi wanaamini kwamba ukivuka 40 mwili unapunguza kasi ya kuchoma chakula. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, tangu vichanga wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, kasi ile haikubadilika kati ya miaka 20 na 60, kwa wanaume na kwa wanawake. Kinachopungua ni misuli yenyewe pale isipotumika, na misuli ikipungua, mahitaji ya chakula yanashuka nayo.

Hata hivyo hedhi kukoma kuna kazi yake. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye nyonga yanahamia tumboni. Unaweza usiongezeke hata kilo moja na gauni likakataa kufunga. Na joto la usiku linakukata usingizi, ukosefu wa usingizi unaamsha hamu ya vitu vitamu. Hayo ni ya kweli, hujidanganyi. Ila kumbuka jambo moja kuhusu hedhi: ikishakata mwaka mzima halafu ukaona damu tena, usingoje, nenda hospitali.

Sasa tazama hesabu hii. Kilo 19 kwa miaka tisa zinatisha ukizitaja pamoja. Zigawe kwa siku: ni kama gramu 6 kwa siku. Weka sukari ya kijiko kimoja na nusu cha chai kiganjani, huo ndio uzito ulioongeza kila siku. Hakuna siku hata moja uliyokula kwa ulafi ukanenepa siku hiyo. Ilikuwa ni ziada ndogo ya kila siku, ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona sahanini. Kwa hiyo nikikuuliza “umekosea wapi?” hutakuwa na jibu, na mimi sitakuuliza.

Kabla ya chakula, tumalize la presha. 142 kwa 90 ukiwa umepimwa mara moja, labda umefika unahema, haitoshi kukuita mgonjwa, lakini haitoshi kupuuzwa. Mpaka tunaoutumia ni 140 kwa 90. Rudi upimwe siku nyingine mbili tofauti, ukae kimya dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, mkono uko usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa. Ikibaki juu, daktari ataamua kuhusu dawa, na ukipewa dawa hiyo haikuzuii kufanya haya ninayokuandikia, vinakwenda pamoja. Siku hiyohiyo omba wakupime sukari kabla hujala: 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Waambie pia kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kwa sababu kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito, na kuna njia nyingine za kubadilisha. Usiiache kimyakimya, katika miaka 48 mimba bado inawezekana.

Na kwa kuwa umekulia Ukerewe ukiogelea ziwani, waombe wapime choo kuangalia kichocho. Kichocho cha ziwa letu hukaa tumboni na kwenye ini miaka mingi, na kikikomaa hujaza tumbo. Sidhani kwamba ndicho kilichokufanya unenepe, kwa sababu mikono na uso wako navyo vimejaa. Lakini nimeona watu wanaojinyima chakula kwa tumbo ambalo halikuwa la mafuta hata kidogo: mikono imekonda, tumbo linapanda. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari, wala si ushauri wa lishe. Kwa sababu hiyohiyo ya kichocho, wakikwambia mazoezi mazuri ni kuogelea ziwani, kataa.

Kwa nini zile kilo 5 zilirudi na nyongeza? Ulipoacha ugali na wali, mwili ulitumia akiba yake ya wanga iliyo kwenye ini na misuli. Kila gramu ya akiba hiyo imeshikilia gramu kama tatu za maji. Akiba ikiisha, maji yanatoka, mizani inashuka haraka na wewe unafurahi. Wiki ya kwanza na ya pili ulikuwa unakojoa uzito. Baada ya hapo njaa ikakushika, ukala kidogo sana bila kufanya kazi ya nguvu, mwili ukakata mafuta na misuli pamoja. Siku uliyorudi kwenye ugali, maji yakarudi kwa wiki moja, mafuta yakafuata, misuli ikabaki imepungua. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kujinyima ulikuacha na mwili unaohitaji chakula kidogo kuliko ule uliokuwa nao mwanzo. Usirudie.

Ugali si adui wako. Wasukuma walilima kutwa nzima kwa ugali wa mtama, michembe na mlenda, na vitambi vilikuwa nadra. Tatizo la sahani yako lipo pembeni ya ugali, kwenye vitu ambavyo hukuviandika mpaka nilipokutumia maswali ya pili.

Umesema chai ya maziwa ni vikombe vinne kwa siku, sukari vijiko vitatu kila kikombe. Vijiko 12. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, kwa hiyo ni gramu 48, na najua kijiko cha kwetu hakisawazishwi, kinajaa kilima. Halafu soda moja saa 8 mchana jua likiwa kali. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi kidogo. Jumla gramu 83. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ibaki 25. Unaona? Chai peke yake imekwisha kuigusa 50.

Fanya hivi. Soda iondoke katika siku za kawaida, ibaki ya harusini. Chupa ya maji iwe mezani pale pale inapokaa daftari, kwa sababu kiu yako ya saa 8 ni kiu ya maji. Chai usiiguse idadi ya vikombe. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo wiki mbili, punguza nusu nyingine. Ulimi unazoea. Tangawizi na mdalasini vikizidi kidogo kwenye sufuria, sukari haitafutwi sana. Ukifika kijiko kimoja na nusu na soda imeondoka, umepunguza kalori 230 hivi kwa siku bila kugusa tonge hata moja.

La pili ni mafuta ya kupikia. Umesema lita moja inakaa siku nne, mpo watu sita. Ukigawa, kila mmoja wenu anakula mililita 42 kwa siku, karibu vijiko vitatu vya chakula. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120. Nguvu kuliko ya kipande cha mhogo! Chukua kalamu ya wino mzito, andika kwenye chupa tarehe unayoifungua. Lengo la kwanza ni lita moja ifike siku sita. Usimimine kutoka kwenye chupa, hakuna mkono unaojua kipimo. Chota kwa kijiko. Sato wa chukuchuku na ndimu, nyanya, pilipili na kitunguu swaumu hana aibu mbele ya sato wa kukaanga, na mchuzi wake unashusha ugali vizuri. Wa kukaanga abaki Jumapili.

Najua utasema: mume wangu hali chukuchuku. Akina mama wengi wananiambia hivyo, na wengi wao hawajamuuliza. Mpike mara moja vizuri kabla ya kumsemea. Kama kweli hataki, kaanga wa kwake peke yake, usijikaangie na wewe.

Sasa sahani. Nyumbani kwenu mnakula kwenye sinia moja, na ni desturi nzuri, lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mama ndiye anayemalizia ili chakula kisimwagwe. Miezi hii sita jipakulie yako. Nusu ya sahani iwe mboga: matembele, mchicha, mlenda, kabichi, bila kuogopa wingi. Robo iwe samaki, dagaa au maharage. Robo iliyobaki ni ugali au wali, kiasi cha ngumi yako iliyokunjwa. Wewe unauza dagaa, basi wale. Ni protini inayokaa tumboni muda mrefu, na kwa kuwa unamla na mifupa yake unapata madini ya chokaa ambayo mwanamke anayeingia ukomo wa hedhi anayahitaji kuliko wakati mwingine. Chapati mbili za asubuhi ziwe moja, na yai la kuchemsha au kiazi kitamu badala ya ile nyingine. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, hiyo ni kwa ajili ya presha yako.

Chakula cha jioni kikae mezani saa 1, si saa 3 unavyofanya sasa. Unaamka saa 9, saa 3 ndiyo ulipaswa uwe kitandani.

Nije kwenye miguu, ambako ndiko hasa nilitaka kufika. Umesema Mwaloni hadi nyumbani ni dakika 25 kwa mwendo wa kawaida. Siku 6 kwa wiki, dakika 25 kila siku: ni dakika 150. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kwa mtu mzima kwa wiki, na wewe huhitaji jimu kukipata. Asubuhi panda bodaboda yako, sitaki mwanamke atembee peke yake saa 10 alfajiri. Jioni mwambie kijana wa boda asikufuate. Rudi kwa mguu. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si wa kuweza kuimba. Umesema kila safari unamlipa elfu moja. Weka pembeni hiyo elfu sita ya wiki, mwezi wa kwanza ikupatie raba nzuri za mtumba, maana kandambili zitakuumiza visigino kabla ya wiki kuisha.

Na misuli tuirudishe. Pale kibandani tafuta kiti cha mbao kisichoteleza, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, miguu iachane kama upana wa mabega, mikono ikunje kifuani. Inuka bila kushika popote. Sasa kaa tena, lakini taratibu, ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka makalio yaguse ubao, usijiachie ukaanguka. Mara ya kwanza magoti yatatetemeka kwenye hesabu ya pili. Hapo ndipo kazi inapofanyika. Rudia mara 8, pumzika, fanya hivyo mara tatu. Ukishazoea, beba dumu la lita 5 za maji kila mkono utembee nalo toka kibandani hadi getini na kurudi. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Usibane pumzi ukiinua, na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, nenda ukapimwe. Mpaka presha yako ipimwe tena, anza na kiti tu.

Lini utafanya yote haya? Hapa nakuomba usifuate kalenda ya ukutani. Fuata mwezi wa angani, kama biashara yako inavyofanya. Kipindi cha giza wavuvi wako ziwani na taa, mzigo unaingia kila siku, huna hata muda wa kujikuna. Usijiwekee ratiba kubwa hapo, utaivunja na kujilaumu. Kipindi cha giza shika mawili tu: sukari na kutembea jioni. Mbalamwezi ikiingia, dagaa wanapungua, vijana wanalala, wewe una nafasi. Hapo ndipo ongeza kiti na dumu, hapo ndipo nenda ukapime presha, hapo ndipo jaribu mapishi mapya ya chukuchuku. Mwezi una siku 29 na nusu, kwa hiyo kila mwaka unapata vipindi 12 vya kuongeza kitu kimoja kipya. Hakuna mshauri wa jimu anayeweza kukupangia ratiba nzuri kuliko hiyo.

Wala usitegemee iwe tabia ndani ya wiki tatu kama wanavyosema mitandaoni. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakianza tabia mpya. Wa katikati alichukua siku 66, wa haraka 18, na wa taratibu makadirio yalifika 254. Katika utafiti huo kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukiharibu kwenye kitchen party Jumamosi, Jumapili endelea ulipoishia. Usijiadhibu kwa njaa.

Ile chai sasa. Nyingi za namna hiyo zina majani ya sena au kitu kama hicho, kazi yake ni kuharisha. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mizani inashuka, mafuta yanabaki palepale, na utumbo unazoea kusukumwa mpaka choo hakiji bila chai. Hiyo ni chai isiyo na uovu mwingine. Zipo mbaya zaidi. Dawa inayoitwa sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, nayo imekuwa ikikutwa na wakaguzi wa nchi mbalimbali imefichwa ndani ya chai na vidonge vya “asili” vya kupunguza mwili. Inapandisha presha. Wewe una 142 kwa 90. TMDA, mamlaka ya dawa, wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Mpeleke shoga yako na pakiti yake wakaulize kama imesajiliwa. Mimi nampenda kwa kuwa anakujali, ila kwenye hili amekosea.

Kuna jambo uliloliandika mwishoni kwa mstari mmoja, na nimelisoma mara tatu: “Naogopa nikikonda watu wataanza kusema.” Mama Neema, nimefanya kazi ya lishe kando ya ziwa hili miaka 26 na naelewa unachomaanisha. Tumezika watu wengi ambao ugonjwa uliwakondesha kwanza, na tangu wakati huo mwanamke akipungua kilo tatu jirani anashusha sauti. Akinenepa anaambiwa amenawiri, maisha yamemkubali, mume anamtunza. Nimewaona wanawake walioacha kutembea, wakiwa wamefika pazuri, kwa sababu ya maneno ya watu wawili sokoni. Sitakuambia usijali, kwa sababu wewe unaishi nao, mimi siishi nao. Nakuambia hivi: waambie mapema. Leo, ukiwa na kilo 83 zako, waambie wenzako wa kibandani kwamba presha imepanda na daktari amesema utembee. Mtu anayetangaza safari haulizwi amepotelea wapi. Na ukiweza, mchukue mmoja wao murudi naye kwa mguu jioni. Mazungumzo yanafupisha mlima.

Lengo lenyewe si kurudi kilo 64. Zile zilikuwa za mtu wa miaka 39 aliyebeba viroba. Marekani waliwachukua watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari, wastani wa umri ukiwa miaka 51, na kundi moja likapewa lengo la kupungua asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, na kundi lililopewa metformini, dawa ya kisukari, lilipata asilimia 31 tu. Asilimia 7 ya kilo zako ni kilo 6. Kutoka 83 hadi 77, kwa miezi sita. Utakuwa bado mnene machoni pa watu, na ndani damu yako itakuwa inapita kwa namna nyingine.

Mizani usipande kila siku, itakuvunja moyo kwa maji tu. Tumia futi ya fundi. Simama wima, tafuta ubavu wa mwisho chini na mfupa wa nyonga, katikati ya hapo zungusha futi bila kubana, toa pumzi kawaida, soma. Kwa urefu wako tunataka kiuno kielekee sentimita 80, nusu ya urefu. Hatutafika mwaka huu. Kikishuka hadi 96 nitafurahi sana.

Mbalamwezi ijayo jipime asubuhi kabla ya chai, mahali palepale, kisha niandikie namba mbili: kiuno, na siku ambazo ile lita ya mafuta imekaa. Presha waambie wakuandikie kwenye karatasi, unitumie na hiyo.